Shajara ya Parachichi: kumuuguza aksoloti aliyetelekezwa, Mbeya 2024

18 Mei. Anafika

Mzee mlinzi wa nyumba moja huku mtaa wa Forest huniletea makoti yake nimshonee vifungo. Leo alisimama mlangoni mikono mitupu. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema: "Mwanangu, kuna kambale wa miguu anakufa kule kwa mabosi. Sitaki afie mikononi mwangu." Nikadhani ananitania. Nikafunika cherehani nikamfuata.

Kambale wa miguu ni aksoloti. Binti yangu wa kidato cha tatu ndiye aliyemtambua. Ni amfibia wa jamii ya salamanda, asili yake ni maji ya Xochimilco, kusini mwa jiji la Mexico. Afrika kusini mwa Sahara hatuna salamanda hata mmoja wa kwetu, kwa hiyo mzee hana kosa kumwita kambale, angemwitaje? Aksoloti hukua na kuzaa akiwa bado na umbo la kiluwiluwi, matamvua yake yakiwa nje, matatu kila upande wa kichwa kama manyoya.

Wapangaji waliondoka Januari wakamwachia mzee kopo la chakula cha punje na ahadi kwamba kuna mtu atakuja kumchukua. Kopo liliisha Februari, na mtu hakuja. Mzee akawa anampa mkate, baadaye dagaa wakavu aliowanunua kwa hela yake mwenyewe. Naliandika hili mapema asije mtu akamtupia yeye lawama.

Hali niliyomkuta nayo: tangi la kioo la sentimita 60 limewekwa kibarazani panapopigwa na jua la jioni. Maji kina cha shubiri moja, kijani kama mlenda. Chini kuna changarawe za bluu na nyekundu, pampu ilishakufa. Mnyama mwenyewe ana rangi ya parachichi lililoiva (jina likapatikana hapohapo). Kichwa kipana kuliko tumbo, wakati aksoloti mwenye afya tumbo lake hulingana na kichwa. Matamvua yamebaki vijiti, na upande wa kushoto yamevaa kitu cheupe kama pamba. Ncha ya mkia imejikunja kama ndoano. Mguu wa mbele wa kushoto umebaki na vidole viwili. Jirani anayeoka keki aliniazima mizani yake: gramu 31, urefu sentimita 19.

Tulimchota kwa bakuli. Kwa mikono hapana, maana ngozi yake ni laini na mikono yangu ina mafuta; kwa wavu pia hapana, kwa sababu matamvua hunasa. Ndoo yenye mfuniko, bajaji, shilingi 4,000. Mabeseni mawili ya lita 30, 14,000.

18 Mei, usiku. Kosa la kwanza

Nililijaza beseni jipya maji ya bomba nikamtia. Hazikupita dakika tano akaanza kuzunguka kwa kasi akigonga kuta, matamvua yamekuwa mekundu. Binti akasoma kwenye simu: klorini. Maji yanayotiwa dawa ili sisi tusiugue tumbo yanamchoma mnyama anayepumua kwa ngozi na matamvua.

Maji pekee yasiyo na klorini ndani ya nyumba yalikuwa ya kunywa, yaliyochemshwa asubuhi na kupoa. Parachichi akapewa lita 15, zote zilizokuwepo. Saa nane usiku mume wangu aliamka na kiu akakuta ndoo tupu na kambale beseni zima. Hilo tulilimaliza wenyewe.

Utaratibu tangu siku hiyo: madumu matatu ya lita 20 yanakaa wazi saa 24 kabla ya kutumika, nayakoroga asubuhi na jioni. Nikiwa na haraka, nachemsha.

21 Mei. Kosa la pili, maji ya mvua

Nikajiona mjanja. Simtanki yetu bado ina maji ya mvua za mwisho, hayana klorini, ni ya bure. Nikambadilishia yote. Siku mbili baadaye amelala chini hatikisiki, ngozi inatoa utelezi mwingi, ncha ya mkia imejikunja zaidi.

Maji ya mvua hayana madini. Aksoloti anataka maji yenye ugumu kiasi na yanayoelekea kwenye alikali kidogo. Ukimtia kwenye maji matupu, maji yanaingia mwilini kupitia ngozi na chumvi za mwili zinatoka, na yeye anatumia nguvu zake zote kupambana na hilo wakati hana nguvu hata ya kula. Juu ya hayo, maji yangu yalipita kwenye bati la zamani.

Dawa yake niliipata duka la chakula cha kuku: makombe yaliyosagwa wanayolishwa kuku wa mayai, kilo moja 2,000. Niliyaosha mpaka maji yakawa safi, nikayatia ngumi moja kwenye kipande cha soksi ndefu ya nailoni, nikafunga fundo, nikatumbukiza kwenye dumu. Yanayeyuka polepole, hayana hatari ya kuzidi ghafla. Tafadhali, nasema makombe. Chokaa ya kupaka ukuta itamuua.

24 Mei. Mtaa mzima ni madaktari

Pamba nyeupe ni kuvu. Ushauri niliopokea kwa siku moja: mpake GV, mtie mwarobaini, mwombee, mrudishe kwa wenyewe. Muuza duka la dawa za mifugo aliniuzia unga wa OTC wa kuku (antibiotiki), 3,500, akasema unatibu kila kitu. Nilikuwa nimeshaufungua nilipomwona daktari wa mifugo akitoka kwa jirani kutazama ng'ombe. Nikamwita.

Alichuchumaa mbele ya beseni muda mrefu. "Dada, huyu sijawahi kumtibu, sitakudanganya. Ila hiyo OTC ni ya bakteria, kuvu haiisikii. Na kipimo cha kuku anayekunywa kwa mdomo si kipimo cha mnyama anayekunywa kwa ngozi nzima." Akakubali 5,000 ya nauli, akaongeza neno moja ambalo wakati ule sikulitilia maanani: "Mimi ningeanza na maji."

Mimi nilianza na chumvi. Bafu la chumvi linajulikana kwa wafugaji wa aksoloti: vijiko viwili vya chai kwa lita moja ya maji, dakika kumi, halafu anarudi kwenye maji safi ya joto lilelile. Tatizo likawa chumvi yenyewe. Ya jikoni ina madini joto, na aksoloti akizidishiwa hayo tezi yake huweza kuchochewa ageuke kuwa mnyama wa nchi kavu, jambo ambalo mgonjwa halihimili. Pengine kwa dakika kumi kiasi hicho ni kidogo mno kuleta madhara, lakini sikutaka kujaribu. Jiwe jekundu la kulamba ng'ombe nalo nililiacha, kwa sababu lina madini ya shaba, na shaba ni sumu kwa amfibia. Mwishowe mnunuzi wa ngozi karibu na machinjio alinipimia kilo moja ya chumvi ghafi anayotumia kuhifadhia ngozi, 1,000.

Siku ya kwanza salama. Ya pili salama, pamba imepungua. Ya tatu wakaja watu wa sare za harusi kujaribisha magauni. Nikawa nabana kiuno cha bibi harusi, pini mdomoni, na Parachichi yuko kwenye chumvi. Nilipokumbuka zilikuwa zimepita dakika 22.

Nilimkuta amelala ubavu, mwili umefunikwa na utando mweupe. Nikamrudisha kwenye maji safi. Alikaa hivyo hadi jioni, na kesho yake ncha ya tamvua moja la kushoto ikakatika. Kuvu iliondoka, ni kweli, ila na nyama yake.

Marekebisho: mabafu mawili tu yaliyofuata, siku mbili mbili, kengele ya simu dakika kumi na mlango wa wateja umefungwa. Baada ya hapo chumvi nikaifungia kabatini.

29 Mei. Kifurushi kutoka Dar

Binamu yangu alinipitia Kariakoo akanitumia kwa basi: kisanduku cha vipimo vya maji vya matone, 120,000 (nilisita siku tatu kabla ya kutuma hela hiyo), chujio la sponji 15,000, pampu ya hewa 35,000, kipimajoto 8,000, nauli ya mzigo 7,000. Akaongezea bahasha ya majani makavu ya mkungu ulio getini kwao. Majani hayo yakilowekwa hutoa rangi ya chai na kuidhoofisha kuvu, wafugaji wa samaki huyatumia sana. Yalipokwisha nikatumia majani ya chai ya Tukuyu, 1,500: kijiko kimoja kinachemshwa kwenye lita moja, kinachujwa, kinapoa kabisa, halafu kwenye beseni la lita 30. Chai kavu, isiyo na tangawizi wala iliki. Mama mkwe aliuliza kama mgonjwa anataka na andazi.

Lakini faida kubwa ya kifurushi ni kile kisanduku. Nilipima maji ya beseni yaliyokaa siku moja tu: amonia miligramu 1 kwa lita. Inatakiwa sifuri. Mnyama asiyekula bado anatoa amonia, kwa mkojo na kwa matamvua, na kwenye lita 15 haina pa kwenda. Kumbe muda wote nilipokuwa nahangaika na chumvi, alikuwa analala kwenye uchafu wake. Nikamkumbuka daktari.

Kuanzia leo maji yote yanabadilishwa asubuhi na jioni, hakuna dawa nyingine isipokuwa chai. Mabeseni mawili yanapokezana: moja ana yeye, lingine linaandaliwa kando yake ili joto lilingane.

5 Juni. Amekula

Siku ya 18 tangu afike. Naeleza kwa urefu kwa sababu hapa nusura nimuue kwa mara ya tatu.

Chakula bora cha aksoloti ni nyungunyungu, nasi tumezungukwa nao. Nikachimba kwenye matuta ya viazi ya jirani, nikapata kumi wanene. Nikiwa nawaosha jirani akapita: "Mama, hao unawapeleka wapi? Jana nimepiga dawa ya ukungu." Nikawamwaga.

Wa pili niliwatoa kwenye lundo la samadi, wale wekundu wembamba. Parachichi alimvuta mmoja mdomoni (hatafuni, hufungua mdomo ghafla na maji yakaingia na kila kilicho mbele), akakaa naye sekunde tatu, akamtema. Nikampa tena, akageuza kichwa. Wale wekundu wakiguswa hutoa maji machungu ya kujilinda, na mgonjwa asiye na hamu ndiyo kwanza anakata tamaa. Nimesoma kwamba ukiwachovya kwenye maji ya moto sekunde chache uchungu hupungua. Sikujaribu, kwa sababu mzee mlinzi alitokea jioni ileile na kopo la Blue Band lenye nyungunyungu wa chini ya migomba, kule kwake hakupigwi dawa. Nikawaweka siku mbili kwenye udongo safi wenye unyevu watoe walichokula. Kisha mmoja nikamkata vipande vitatu, nikaning'iniza kipande mbele ya pua yake kwa kibanio cha plastiki, taa imezimwa. Hana kope, mwanga mkali unamkera.

Dakika nne za kimya. Kisha "tup!", kipande hakipo. Binti alipiga kelele mpaka jirani wa keki akaja na mwiko.

Ratiba: kipande kimoja, siku inayofuata mapumziko, kisha viwili. Mwenye njaa ya miezi minne hashibishwi siku moja.

11 Juni. Anaelea mkia juu

Asubuhi amening'inia kichwa chini, mkia umetokeza juu ya maji, hawezi kushuka. Tumbo gumu upande mmoja. Nikazikumbuka changarawe za rangi. Aksoloti anavuta chakula pamoja na chochote kilicho chini yake, na changarawe inayoingia mdomoni inaweza isitoke.

Wafugaji wa nje huwatia wagonjwa wa namna hii kwenye friji, nyuzi 5 hadi 8, ili mwili utulie na uchafu utoke. Nilisafisha rafu ya chini. Mama mkwe alifungua friji kutafuta maziwa, akalifunga, akanitazama. "Mwanangu, hapa kuna chakula cha watu." Sikubishana naye, na kusema kweli sikuhitaji friji: huu ni Juni wa Mbeya. Nikalihamishia beseni sakafuni kwenye stoo yenye dirisha la kusini. Alfajiri kipimajoto kilisoma nyuzi 11. Maji nikayapunguza kina hadi afikie juu kupumua bila kuogelea, maana ana mapafu pia, na nikasimamisha chakula.

Tarehe 13 alitoa jiwe moja la bluu. Tarehe 14, mawili, la bluu na jekundu, kubwa likiwa kama punje ya mahindi. Ninayo kwenye kisanduku cha vifungo. Akashuka chini siku hiyohiyo.

Kasoro ya mpango huu: beseni lenye maji lita 15 linafuata hali ya hewa kama mtumwa. Alfajiri 11, saa tisa alasiri 19. Kupanda na kushuka kwa nyuzi nane kila siku si mapumziko. Nikalizungushia blanketi kuukuu nikajaza maji hadi lita 28 baada ya kupona. Likawa linacheza kati ya 13 na 16, na hamu ya kula ikarudi.

30 Juni. Tangi linarudi, umeme unakatika

Tangi nililimwaga, nikatoa changarawe zote (chini sasa ni kioo kitupu, na chungu kilichovunjika cha kujifichia), nikaziba kona inayovuja kwa silikoni ya akwariamu 9,000, nikaliacha wiki nzima likauke. Mpira wa kunyonyea uchafu mita tatu, 3,000. Lita 50, chujio la sponji, soksi ya makombe pembeni.

Usiku wa kwanza umeme ulikatika saa nne. Pampu niliiweka sakafuni, chini ya usawa wa maji. Pampu iliposimama maji yakaingia kwenye mpira wa hewa, yakavuka ukingo wa tangi, yakaanza kushuka yenyewe. Saa kumi alfajiri nakanyaga ziwa. Tangi limebaki robo tatu tupu, Parachichi amejibana kwenye maji ya kina cha vidole vitatu, na ekstensheni ya umeme inaogelea katikati ya stoo. Umeme haukuwa umerudi bado, na hiyo ndiyo sababu naandika haya. Mume wangu alizima swichi kuu kwanza, ndipo tukaanza kupiga deki.

Ekstensheni mpya 12,000. Vali ndogo ya kuzuia maji kurudi, inayokaa katikati ya mpira wa hewa, 4,000, ikaja na basi. Na pampu sasa iko kwenye rafu juu ya tangi. Hata kama una vali, iweke juu. Vali ni ya plastiki na plastiki huchoka.

18 Agosti. Maji yametulia

Mwezi na nusu uliopita una mambo machache ya kusimulia na kazi nyingi. Chujio halifanyi kazi mpaka bakteria waote kwenye sponji: kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na ukali huo, ambayo unaiondoa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Kwenye maji ya nyuzi 15 bakteria hao wanaota kwa mwendo wa kobe. Julai yote nilipima kila jioni na kutoa lita 15 hadi 25. Nitriti ilionekana mara ya kwanza tarehe 16 Julai, ikapanda, ikang'ang'ania. Wiki ya Nanenane nilikuwa na sare za vikundi vitatu kwenye cherehani na nikakosa siku mbili. Nitriti ikafika 1 na matamvua yakajikunja kuelekea mbele, ishara yake ya kulalamika. Tangu tarehe 12 Agosti amonia sifuri, nitriti sifuri, nitrati 10. Leo nimepima mara mbili kwa kutoamini.

Sponji naikamua kwenye maji niliyoyatoa tangini. Ukiiosha bombani klorini inaweza kuua bakteria na ukaanza upya.

Kuna aliyenishauri nichote tope kwenye bwawa la perege ili bakteria wapatikane haraka. Nilikataa, na maji machafu ya tangi simwagi mtaroni wala mtoni. Yanakwenda kwenye shimo la choo. Watu wa Nyanda za Juu Kusini tunacho cha kukumbuka: vyura wa Kihansi, wale wadogo wa manjano waliokuwa wakiishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi huko Udzungwa na kwingine popote hawakuwapo. Bwawa la umeme lilipunguza maji mwaka 2000, kisha ugonjwa wa kuvu ya ngozi ukaonekana kwao, na mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini. Walionusurika ni waliokuwa wamepelekwa kuzalishwa kwenye bustani za wanyama Marekani. Sijui mgeni wangu amebeba nini kwenye ngozi yake, na sitaki chura wa bonde letu awe wa kwanza kugundua.

Mgonjwa: gramu 44. Mkia umenyooka. Kwenye vile vijiti vya matamvua zimeota nyuzinyuzi nyekundu, fupi kama nywele za mtoto mchanga, hata kwenye tamvua lililokatika kwa uzembe wangu. Mguu wa kushoto una vichipukizi viwili.

20 Oktoba. Jua limehamia kusini

Nilijivunia stoo ya kusini bila kufikiri. Katikati ya Oktoba jua la huku kwetu hupita utosini likielekea kusini, na dirisha lililokuwa la baridi Juni sasa linapokea jua. Tarehe 17 saa tisa maji yalikuwa nyuzi 25. Zaidi ya 20 hapendi, na kwenye 24 anaanza kuumia. Alikataa chakula.

Nikatumbukiza chupa ya lita moja na nusu ya barafu. Ndani ya saa moja maji yameshuka joto ghafla, naye amepauka, amejikunja pembeni. Nikaitoa. Mshtuko wa baridi haumpiti wa joto kwa wema. Sasa natumia chupa za nusu lita, moja saa tano, nyingine saa nane, na juu ya tangi khanga kuukuu iliyoloweshwa, pembe zake zinaning'inia kwenye beseni la maji. Upepo ukipita maji yanakauka kwenye kitambaa na kuondoka na joto, nyuzi mbili nzima bila umeme. Chini ya khanga kuna wavu wa dirisha, asije akaruka. Dirishani nimeshona pazia zito la kitambaa cheupe kutoka kwenye mabaki. Leo saa tisa: 19.

9 Novemba. Hesabu

Gramu 58, sentimita 21. Tumbo limelingana na kichwa. Nyungunyungu wawili kila baada ya siku mbili.

Jumla ya nilichotoa mfukoni ni shilingi 244,000, ukiingiza ile OTC ya 3,500 ambayo haikutumika. Nusu ya hela ni kile kisanduku cha vipimo, na kama ningekuwa nacho siku ya kwanza nisingenunua chumvi. Sihesabu umeme, wala magauni mawili niliyochelewesha.

Wapangaji walimtumia mzee ujumbe Septemba kuuliza kama mabegi yao mawili yaliyobaki stoo yako salama. Hawakuuliza kingine.

Mzee huja kila Ijumaa na kopo lake. Jana aliinama mbele ya kioo, akavaa miwani, akahesabu kwa kidole vidole vya mguu wa kushoto wa mbele.

"Moja, mbili, tatu, nne. Bado kimoja."

"Wa mbele una vinne tu, mzee. Vitano ni vya nyuma."

Akahamia upande wa pili wa tangi, akahesabu na mguu wa kulia kuhakikisha simdanganyi.